Wakikuuliza "umeolewa?" kwenye usaili, jibu wasiwasi wao

Dada, umesema umeitwa usaili wa uofisa mikopo hapa Mwanza, na wenzako waliotangulia waliulizwa kama wameolewa, wanasali wapi na ni watu wa wapi. Unauliza ujibu, ukwepe au ukatae. Mengi ya maswali hayo yana wasiwasi wa kazi nyuma yake. Utafute huo, uujibu, mengine yaache.

Sheria ipo upande wako. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kubagua kwa kabila, dini, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia na mengine kadhaa, na kinamhesabu mwombaji kazi kama mwajiriwa. Lakini ukianza kumsomea msaili vifungu, kazi umeshaikosa. Kaa nayo moyoni.

"Umeolewa? Una watoto?" Kwa ofisa mikopo maana yake ni: asubuhi utawahi kikundi cha wakopaji kule Buhongwa? Marejesho yakigoma utakaa kwa mteja mpaka jioni? Tukikuhamishia Sengerema au Ukerewe utakwenda? Basi jibu hayo: "Mambo ya nyumbani nimeyapanga. Saa mbili asubuhi naweza kuwa kwa wateja, na nikipangiwa tawi la nje naomba wiki mbili za kuhama." Kama kuhama huwezi, usiahidi; sema unachoweza. Aliyejisifu kuhama kisha akaanza visingizio anaachwa kwenye kipindi cha majaribio.

Jibu lisizidi sekunde ishirini. Linaloharibu zaidi ni ukimya unaofuata. Wasaili wananyamaza kwa sababu wanaandika alama. Wewe unadhani hawajaridhika, unaanza kueleza mchumba yuko Kahama, mama mkwe anaumwa, mtoto anasumbua usiku. Hapo umewapa sababu tatu ambazo hawakuziomba. Ukimaliza sentensi ya mwisho, funga mdomo na mtazame aliyeuliza. Fanya mazoezi kwa kujirekodi kwenye simu, maana kichwani kila jibu ni fupi.

Ujauzito usiujadili kabisa. Wanachohesabu ni likizo ya uzazi, siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. "Nipo tayari kuanza tarehe mtakayonipa" inatosha, kama ni kweli. Hali ya VVU vilevile usiijibu. Wanaoomba viwanda vya minofu ya sangara wasichanganye mambo: kule kupimwa afya ni kawaida kwa sababu unashika chakula, lakini hilo ni la daktari, halijadiliwi kwenye meza ya usaili.

"Unasali wapi?" Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi, na Jumamosi ni siku ya kazi kwa ofisi nyingi za mikopo. Mara nyingi wanauliza ratiba. Kama siku zote sita upo, sema hivyo tu, dhehebu libaki lako. Kama ni Msabato, liseme mapema: "Kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama sipatikani, Jumapili nipo siku nzima." Ukificha, Jumamosi ya kwanza itakuumbua.

"Mtu wa wapi wewe?" Hapa utani wa makabila hauko mbali. Cheka kidogo, usiuendeleze, kisha igeuze kuwa sifa: "Kwetu Kwimba, na Kisukuma naongea na wateja bila mkalimani." Uwe unakijua kweli, maana kuna atakayekusalimia kwa Kisukuma "mwangaluka" papo hapo na kusubiri uendelee.

Swali la "una mkopo popote?" wengi huliona la kibinafsi, ila kwa kazi ya kushika fedha ni halali, na taarifa za wakopaji zinaweza kuangaliwa. Sema kiasi kilichobaki, rejesho la mwezi na kwamba hujachelewesha. Kama umewahi kuchelewesha, sema lini na ulivyomaliza. Deni wanalivumilia, deni walilogundua wenyewe, hapana.

Kuna la mwisho ambalo halina wasiwasi wa kazi ndani yake: "una mtu?", kisha anaomba namba ili "mmalizie jioni". Jibu moja: "Naomba tuwasiliane kupitia ofisi." Kudai ngono ili upewe kazi ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Siku hiyohiyo andika jina lake, saa na maneno aliyotumia kama yalivyo, hifadhi ujumbe wa simu bila kufuta kitu, na upige TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure. Ukinyimwa kazi kwa sababu ya ndoa, mimba au dini, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na maandishi ya namna hiyohiyo ndiyo utakayokwenda nayo.