Kujiandaa kwa usaili wa rubani msaidizi

Vijana wanaorusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kwenda Seronera, Mafia na Pemba huniuliza swali lilelile wakishaitwa kwenye usaili wa shirika kubwa: nisome nini? Vitabu wanavyo tayari, ni vilevile walivyofanyia mitihani ya leseni. Wengi wanaokwama wanayajua mambo vizuri, ila hawajawahi kuyasema kwa sauti mbele ya mtu aliyewazidi umri na cheo. Na kusema mbele ya mkubwa ndiyo kazi yenyewe ya rubani msaidizi. Jopo linalijua hilo, na linakupima hapo tangu unavuta kiti.

Makaratasi yamalize wiki ya kwanza, yasikusumbue tena. Leseni, cheti cha afya cha daraja la kwanza, cheti cha Kiingereza cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), pasipoti, vyeti vya shule. Cheti cha Kiingereza kiangalie tarehe: aliyepata kiwango cha 4 hupimwa tena kila baada ya miaka 3, wa kiwango cha 5 kila baada ya miaka 6.

Kitabu cha saa za kuruka kinahitaji muda zaidi. Jumla zote zikubaliane: saa za urubani mkuu, za injini mbili, za usiku, za kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje. Kisha kisome kama unavyosoma barua ya zamani. Kwenye usaili wangu, mmoja wa wajumbe alikifungua katikati, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kusema, "Nieleze safari hii." Ilikuwa safari ya Dar kwenda Mafia wakati wa masika, niliyogeuza njiani kwa sababu mvua ilikuwa imeziba mbele yote. Alitaka kujua nilikuwa na mafuta kiasi gani, niliamua nikiwa wapi, abiria niliwaambiaje. Halafu akauliza alichokuwa anakitafuta: "Ofisini walisemaje uliporudi nao?" Hapo mtu anapimwa kama anaweza kusimama na uamuzi wake pesa zikiwa zimepotea. Chagua safari zako tano au sita za namna hiyo, uzisimulie kwa mtu hadi zitoke bila kukwama.

Kwenye maswali ya kitaalamu, anza na mahali unaporuka. Kama saa zako nyingi ni za kiwanja cha Arusha, watakuuliza habari za joto na mwinuko, nawe fanya hesabu mbele yao. Kiwanja kiko futi 4,550. Joto la kawaida kwa mwinuko huo ni kama nyuzi 6, kwa kuwa tunaanza na 15 usawa wa bahari na kupunguza 2 kwa kila futi 1,000. Mchana kukiwa na nyuzi 28, joto limezidi kawaida kwa nyuzi 22. Kila nyuzi moja ni takriban futi 120, hivyo ongeza kama futi 2,600. Kwa shinikizo la kawaida, ndege yako inajiona iko juu ya futi 7,000, na urefu wa barabara ya kurukia itakaouhitaji si ule uliouzoea Dar. Ukieleza hivyo kwa utulivu, wanaona umelielewa jambo.

Ripoti ya hali ya hewa nayo hawaiachi. Watakupa karatasi yenye kitu kama hiki:

HTDA 120600Z 03008KT 9999 SCT022 29/24 Q1012 NOSIG

Isome yote kwa mdomo: Dar, tarehe 12, saa 3 asubuhi kwa saa zetu, upepo unatoka nyuzi 030 kwa noti 8 (maili za baharini kwa saa), mwono kilomita 10 au zaidi, mawingu yaliyotawanyika futi 2,200, joto 29, kiwango cha umande 24, shinikizo 1012, hakuna badiliko kubwa linalotarajiwa. Usiishie hapo. Waambie utatumia barabara ya 05, inayoelekea takriban nyuzi 050, na kwamba upepo wa ubavuni ni kama noti 3 tu. Mjumbe makini atauliza mwelekeo wa upepo kwenye ripoti hiyo unapimwa kwa kaskazini ipi. Ni kaskazini halisi. Unaopewa na mnara ni wa sumaku.

Hesabu za kichwani zifanye kila siku, hata ukiwa kwenye daladala. Uko futi 24,000 na unataka kufika 2,000: unapoteza 22,000, zidisha hizo elfu 22 mara tatu, unaanza kushuka ukiwa maili 66, ongeza kidogo za kupunguza mwendo. Mwendo wa ardhini noti 300, zidisha kwa tano, shuka futi 1,500 kwa dakika.

Sasa nije kwenye sehemu inayoamua. Wataiita CRM, yaani jinsi watu wawili wanavyofanya kazi ndani ya chumba kimoja cha marubani. Sisi tumelelewa kumwamkia mkubwa kwanza na kutomkatiza anapozungumza, na ni malezi mazuri ninayowapa wanangu. Lakini angani kimya cha mdogo kinaua. Tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Cameroon, usiku wa giza na mvua, ikaanza kulala upande wa kulia polepole bila ya mtu kuirekebisha. Otopailoti iliyodhaniwa kuwa imewashwa haikuwa imewashwa. Watu wote 114 walikufa. Kapteni alikuwa na miaka 52, msaidizi wake 23. Uchunguzi ulitaja marubani kupotewa na hisia za mwelekeo, kutofuatilia vyombo, na uratibu hafifu kati yao. Isome ripoti hiyo kabla ya usaili, uisome kwa heshima, kwa sababu ni msiba wa watu wetu na kiti alichokalia yule kijana ndicho unachokiomba.

Swali litakuja hivi: "Mko futi 500, ndege haijatulia kwenye njia ya kutua, kapteni anaendelea tu. Utafanya nini?" Jibu lina ngazi. Kwanza nataja ninachokiona: "Kapteni, mwendo umezidi noti 20." Asipojibu, nasema kinachotakiwa: "Kapteni, hatujatulia, tupae tena." Akinyamaza bado, au akiendelea, nachukua usukani na kutamka wazi kwamba nimeuchukua. Yote haya yanasemwa kwa adabu, bila kelele na bila kuomba radhi. Mwombe mjomba, shemeji au mtu yeyote mzima wa nyumbani akae kiti cha kushoto, umwambie maneno hayo usoni. Mara ya kwanza ulimi utakuwa mzito. Endelea hadi uwe mwepesi.

Kapteni akija kazini ananuka pombe? Ndege haiondoki naye, hilo halina mjadala. Unaanza kwa kumwita pembeni, unamshauri ajitoe kwa kusema hawezi kuruka leo. Akikataa, unampigia msimamizi wa zamu. Usiseme utamfichia kwa sababu ana familia.

Watakuuliza pia kuhusu TCAS, mtambo unaoonya ndege zisigongane. Mtambo ukikuamuru upande juu na mwongozaji wa ndege aliye ardhini akakuamuru ushuke, unaufuata mtambo na kumjulisha mwongozaji. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen huko Ujerumani, ndege moja ilimfuata mwongozaji na nyingine ikaufuata mtambo, zote zikashuka, na watu 71 wakafa. Anayekijua kisa hicho halijibu swali kwa kubahatisha.

Simuleta, mtambo wa ardhini unaoiga ndege, huwatisha sana wanaotoka kwenye ndege ndogo. Watahini wanajua hujawahi kuirusha Q400 wala 737, na hawatarajii uirushe kama mwenyeji. Wanaangalia kama unajifunza ndani ya dakika chache ulizopewa. Kwa hiyo uliza mapema namba za msingi: pembe ya pua na nguvu ya injini kwa kuruka sawa, kwa kushuka, kwa njia ya kutua. Ziandike kwenye karatasi pajani. Ukikosea mwinuko kwa futi 100, sema "narekebisha" na urekebishe. Anayekaa kimya akitumaini hawajaona ndiye anayewatia wasiwasi. Mwenzako aliyekaa pembeni mtumie: mwambie akusomee orodha ya ukaguzi, akuitie futi 1,000 kabla ya kufika kiwango. Injini ikizimika, rusha ndege kwanza. Hakuna tuzo ya kugusa swichi haraka.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Uliza kuhusu mkataba wa kufidia gharama za mafunzo: ni wa miaka mingapi, deni linapunguaje kila mwezi, na itakuwaje ukishindwa mafunzo au afya ikikuangusha. Hakuna atakayekuona huna adabu, maana rubani asiyesoma anachotia saini hawamtaki pia. Ukipewa mkataba, omba kwenda nao nyumbani usiku mmoja, na mpelekee mwanasheria kama unaye. Na wakisema subiri, usiache saa zako za vyombo wala cheti cha afya vife muda wake ukisubiri. Barua ya kuanza mafunzo huja na tarehe ya karibu sana.