Mwalimu Mkuu Yuko Wapi? Maswali Yenu na Majibu

Shikamoo mwalimu. Mwaka huu nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Busia, Uganda. Nafika saa moja asubuhi, na hadi jioni najaza fomu, napokea wageni, najibu simu za wilaya. Darasani siingii. Nifanyeje?

Marahaba, na hongera. Wageni hawatapungua. Ukingoja siku isiyo na fomu ndipo utembelee madarasa, muhula utakwisha ukiwa bado kitini. Nilipokuwa kazini, Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne asubuhi, zilikuwa za darasani, na kila mgeni alisubiri, diwani pia.

Anzia P1 na P2, yaani darasa la kwanza na la pili. Wengi hukimbilia P7 kwa sababu ya PLE, mtihani wa Novemba wa kumaliza shule ya msingi, maana wilaya nzima huhesabu waliopata daraja la kwanza. Lakini mtoto aliyevuka P3 bila kujua kusoma, masomo ya ziada ya alfajiri hayatamwokoa. Tuliyaona haya baada ya shule kufungwa kwa ajili ya korona, Machi 2020 hadi Januari 2022: watoto walirudi wakiwa wamesahau herufi, wakasogezwa mbele hivyo hivyo.

Keti nyuma ya darasa. Fungua daftari la mtoto aliye karibu nawe uone kama limesahihishwa, kisha mwombe akusomee mistari miwili kwa sauti ya chini. Siku hiyohiyo zungumza na mwalimu, mkiwa wawili tu. Taja alilofanya vizuri, halafu jambo moja la kurekebisha. Moja tu, kwa sababu aliyesomewa makosa kumi hubaki na aibu na asirekebishe hata moja. Baada ya wiki rudi uone. Na ujipangie angalau vipindi viwili vya kufundisha wewe mwenyewe. Walimu humsikiliza zaidi mkuu ambaye bado ana chaki vidoleni.

Mimi ni mama wa Bombo. Mwanangu wa P4 hurudishwa nyumbani kwa sababu sijalipa pesa ya uji. Shule ni ya UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila ada. Je, ni haki?

Si haki, mama. Mpango wa UPE ulianza mwaka 1997 ili mtoto asikose darasa kwa ajili ya pesa. Ila Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema pia kwamba chakula cha mtoto ni wajibu wa mzazi. Kwa hiyo nafasi darasani ni ya mwanao, na uji ni mzigo wako. Nenda umwone mwalimu mkuu kabla hajamrudisha tena, umweleze unachoweza: debe la mahindi, kuni, maharage ukishavuna. Shule nyingi hupokea. Akikataa, peleka neno kwa kamati ya shule, kisha kwa afisa elimu wa wilaya.

Nanyi walimu wakuu mnaosoma hapa, nawasihi: mtoto asisimamishwe kando akiwatazama wenzake wakinywa uji. Hatasahau maisha yake yote.

Mkuu wetu hapa Arua anatutaka tuchape watoto waliochelewa. Inaruhusiwa?

Hairuhusiwi. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalikataza viboko shuleni, na agizo la mkuu halitakukinga. Mwombeni mkutano wa walimu, na mje na orodha ya wanaochelewa na sababu zao. Mtatambua kwamba wengi huchota maji kwanza.

Mtoto wangu yuko P2, Jinja, anafundishwa kwa Lusoga. PLE ni ya Kiingereza. Si wanampotezea wakati?

Hawampotezei. Tangu mtaala wa mwaka 2007, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, na P4 ni mwaka wa kuhamia Kiingereza. Mtoto hujifunza kusoma upesi kwa lugha anayoielewa. Muulize mwalimu mkuu jambo jingine: ni nani anayefundisha P4, na amejiandaaje? Hapo ndipo wengi huanguka. Kuhusu Kiswahili chetu, baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kiwe somo la lazima, lakini bila mwalimu hakuna somo. Zungumzeni na mkuu kuhusu hilo katika mkutano wa wazazi.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule, Kasese. Mwalimu mkuu huonekana mara mbili kwa wiki, na walimu wameanza kumwiga. Tuanzie wapi?

Mwiteni kwa heshima, faraghani, mmuulize anakokwenda. Pengine ni mikutano ya wilaya na foleni za benki, na hapo msaada ni kumkabidhi naibu wake madaraka kamili kwa maandishi. Pengine anaishi mbali, na nyumba ya walimu ilibomoka zamani. Hilo ni la wazazi wote. Ikiwa ni biashara yake, afisa elimu apewe taarifa. Katika kikao kijacho wekeni daftari la mahudhurio mezani, na msome jina lake kabla ya jina la mwalimu yeyote.