Kazi ya nota ya pamoja mtandaoni: mpe kila mwanafunzi sauti yake

Sisi walimu wa muziki hapa Nairobi tuna neema moja: wanafunzi wetu wengi wamelelewa na kwaya. Awe anaimba kanisani Kayole au anafanya mazoezi ya Tamasha la Muziki na shule yake, tayari anajua kwamba wimbo wa sauti nne hauna mwenyewe mmoja. Hata wimbo wetu wa taifa ulitayarishwa mwaka 1963 na tume ya wanamuziki watano, wakaujenga juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Kwa hiyo tunapohamishia kazi ya nota mtandaoni, sioni kwa nini kila mtoto ajifungie na karatasi yake.

Lakini kuwatumia wanafunzi wanne kiungo cha faili moja na kuwaambia "tungeni pamoja" hakutoshi. Mwenye kompyuta nyumbani ataandika yote, wengine watatia majina. Kazi iwe na mpango ambao mmoja hawezi kuendelea kabla mwenzake hajafanya sehemu yake, na sehemu hiyo ionekane ni ya nani.

Mimi natumia Flat, programu ya kuandikia nota, kwa sababu inafanya kazi ndani ya kivinjari, haihitaji kusakinishwa, na watu kadhaa wanaweza kuandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona nota za mwenzake zikitua. Akaunti ya bure ina kikomo cha idadi ya kazi, basi usifungue faili ovyo. MuseScore, programu nyingine ya nota, ni ya bure na ina nguvu zaidi, ila unaandikia kwenye kompyuta, na si ya kuandika pamoja papo kwa hapo. Ukiwa na wanafunzi wanaotumia hiyo, waambie wabadilishane faili za MusicXML, aina ya faili ya nota inayofunguka na kuharirika kwenye programu mbalimbali, si PDF. PDF ni picha tu, haihaririki, na utapoteza jioni nzima ukiandika upya vitu vilivyokwisha kuandikwa.

Kazi yenyewe naifanya fupi: vipimo vinane (vile vyumba vya nota vinavyotengwa na mistari ya wima), G meja, mapigo manne kwa kila kipimo. Naandaa faili mwenyewe, mistari minne ya sauti ikiwa na majina yake, soprano, alto, tenori na besi, kisha naandika vipimo vinne vya kwanza vya soprano, melodi niliyoitunga mimi. Nakala yake naitoa kwa kila kikundi cha watu wanne. Mwanafunzi wa soprano anatunga vipimo vinne vya kujibu, amalize Jumatatu jioni. Wa besi anamfuata hadi Jumatano, maana besi ndiyo inayoamua akordi, yaani nota zitakazolia pamoja. Halafu alto na tenori wanaingia pamoja Ijumaa kwa nusu saa, wote wawili wakiwa mtandaoni, kwa sababu sauti hizo mbili za kati hazigawanyiki. Ukimwachia mmoja achague kwanza, wa pili anabaki kuokota nota zilizosazwa.

Mpango huu unasaidia na bando pia. Si kila nyumba ina Wi-Fi, na si kila mzazi anaweza kuongeza data kila jioni. Soprano na besi wanaingia wakati wowote walio na nafasi, hata shuleni wakati wa mapumziko kama maabara ya kompyuta iko wazi. Kikao cha pamoja ni kimoja tu. Na anayetumia simu ndogo nisimlazimishe kugusa nota kwenye skrini ya inchi tano; aandike kwa penseli, apige picha, mwenzake wa kikundi amwingizie, naye aache maoni kwenye faili kueleza ni kazi yake.

Maoni ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Sharti langu ni kwamba kila mmoja aache maoni kwenye sauti isiyo yake, ataje kipimo na sababu. "Nzuri sana" haihesabiki. Msichana mmoja wa alto aliwahi kumwandikia tenori wake: "Kipimo cha 6 umenipita juu. Mimi niko D, wewe uko G. Shuka B, akordi ibaki kamili na nisikike." Kijana akashuka. Katika maneno yale machache kulikuwa na somo zima la mpangilio wa sauti, tena kwa ukali mtamu wa mtu anayetetea sauti yake. Mimi ningeliandika hilo kwa wino mwekundu, lisingemwingia hivyo.

Sasa, tahadhari kubwa. Kompyuta hucheza chochote. Ukimpandisha soprano hadi mahali ambapo hakuna mtoto wa kidato cha pili atakapofika, programu itacheza vizuri tu. Besi ikitoka G kwenda A, na tenori juu yake ikitoka D kwenda E, hizo ni tano sambamba, yaani sauti mbili zinazotembea pamoja zikiachana kwa nota tano, kosa katika uandishi wa sauti nne, lakini faili halitalalamika. Pumzi nayo haihesabu: sentensi ya vipimo vinane bila pahali pa kuvuta pumzi itapita laini kwenye spika. Kwa hiyo kazi haijaisha mpaka iimbwe. Kikundi kinasimama mbele ya darasa na kuimba kutoka kwenye nota zake, au kama ni likizo, kila mmoja anarekodi sauti yake kwa simu na kuituma kwenye WhatsApp ya kikundi. Alto aliyeruka ruka bila mpango atajua mwenyewe akishindwa kuishika nota yake, hata kabla sijafungua mdomo.

Hapo solfa, uandishi wa nota kwa herufi za do, re, mi, inatusaidia sana. Wengi wa watoto hawa wanasoma d r m kwa haraka kuliko nota za mistari, kwa kuwa ndivyo kwaya zao zinavyofundishana. Baadhi ya walimu wanaiona solfa kama kikwazo. Mimi naiona kama mlango. Programu hizi zinaruhusu mashairi ya beti kadhaa chini ya nota, basi mstari wa kwanza weka maneno, wa pili weka solfa. Katika G meja, G ni do. Mwanafunzi anaona nota kwenye mstari, chini yake anaona herufi aliyoizoea, sikio na jicho vinakutana. Baada ya kazi mbili tatu nawaambia waache kuuandika mstari wa solfa, na wengi hata hawaukumbuki.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwa wanaofanya muziki kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Mtihani huwataka watunge melodi, na pia waoanishe melodi kwa sauti nne, na hayo yote ni kwenye karatasi. Programu inageuza vijiti vya nota juu au chini yenyewe, inapanga nafasi, inajaza pumziko lililokosekana, na kwenye 6/8 inaunganisha kwaveva (nota zenye mkia mmoja) tatu tatu bila kuulizwa. Mtoto akizoea hivyo, penseli itamwaibisha. Basi kila kikundi kikimaliza, kila mmoja ananakili kwa mkono vipimo vinne vya sauti zote nne kwenye kitabu chake cha mistari, tena akiwa darasani ninapomwona. Hapo ndipo utagundua nani alielewa mapigo na nani alibebwa na mashine.

Kuhusu alama: nusu natoa kwa sauti ya mwanafunzi mwenyewe pamoja na maoni yake, nusu kwa wimbo mzima. Flat huhifadhi matoleo ya awali ya faili, hivyo ukitaka kujua wimbo ulikuaje unarudi nyuma na kutazama. Waambie wanafunzi mapema kwamba utatazama. Si vitisho, wanaotulia na kufanya kazi hufurahi kujua kwamba jasho lao linaonekana.

Kabla ya kumfungulia mtoto yeyote akaunti, pata ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa hiyo kwa taarifa za watoto, na hata isingetaka, mzazi ana haki ya kujua mwanawe anaandika wapi na nani anaweza kuona. Mimi natumia jina la kwanza na herufi moja, bila picha, na faili zote nazifunga zisionekane na watu wa nje. Kiungo kisitumwe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu usiowajua.

Mwisho wa muhula, pakua kila wimbo mara mbili: MusicXML kwa ajili ya kuuhariri siku nyingine, PDF kwa ajili ya kuchapisha. Andika majina ya wote wanne juu ya ukurasa, kila jina na sauti yake, kisha mpe kiongozi wa kwaya ya shule. Baadhi ya vipande hivyo vya vipimo vinane ni vizuri vya kutosha kufungulia mazoezi.