Eda imekwisha, mahakama bado: kumdhamini mume mpya baada ya talaka

Kila dada anayeniuliza namna ya kumdhamini mume mpya aje Uingereza huanza na mshahara. Mshahara nitaufikia. Nilichojifunza nilipomwombea viza mume wangu, mtu wa Ngamiani, Tanga, kama mimi, ni kwamba ndoa ya zamani ndiyo inayochunguzwa kabla ya ile mpya: ilikwisha lini, na karatasi iko wapi.

Ndoa yangu ya kwanza ilifungwa Tanga, cheti tukapewa. Tukahamia Leicester, mambo yakaharibika, mwenzangu akanitamkia talaka hukohuko mbele ya mashahidi. Kidini nikakaa eda hadi mwisho. Kwa sheria ya Uingereza bado nilikuwa mke wa mtu, kwani ndani ya nchi ile ndoa huvunjwa na mahakama tu. Na mtu asidhani atapanda ndege aje kuitamkia Tanga yakaisha. Sheria yao ya mwaka 1986 haiitambui talaka ya kutamka tu iwapo mmoja wenu alikuwa mkazi wa Uingereza kwa mwaka mzima kabla yake.

Basi nikafungua shauri huko. Tangu 6 Aprili 2022 huna haja ya kumtafutia mwenzio kosa. Unaeleza tu kwamba ndoa imevunjika. Lakini muda haupunguzwi kwa kubembeleza: wiki 20 tangu kufungua shauri ndipo uombe amri ya masharti, kisha wiki 6 na siku moja ndipo uombe amri ya mwisho, ambayo ndiyo inayovunja ndoa. Ni nusu mwaka kwa uchache. Eda ya mwanamke anayepata hedhi huwa ni kama miezi mitatu. Kati ya hapo na amri ya mwisho ndipo wengi wanapoharibikiwa, maana kila mtu nyumbani anaona uko huru.

Shangazi yangu wa Makorora alinikalisha chini. "Mwanangu, eda umemaliza, mtu kaleta posa yake kwa heshima, unangoja nini? Watu wataanza kusema."

"Shangazi, ya Mungu nimeimaliza. Ya mahakama bado."

Hakupendezwa. Mama ndiye aliyenisimamia, akaomba posa ipokewe na ndoa ingoje. Dada yangu, lipiganie hilo hata wakikununia. Tarehe ya nikaha ikitangulia amri ya mwisho, hata kwa siku moja, kwa Waingereza umeolewa ukiwa ndani ya ndoa nyingine. Nikaha hiyo ni batili, na viza ya mke au mume haisimami juu yake. Sheria yetu ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, nayo haimruhusu mwanamke aliye ndani ya ndoa kufunga nyingine.

Upande wa mume nako kulikuwa na kazi. Alimwacha mkewe wa kwanza hapahapa Tanga, na alichokuwa nacho ni karatasi ya talaka ya kuandikwa kwa mkono, yenye saini za mashahidi. Wazee walimwambia inatosha. Haitoshi. Kwa sheria ileile ya 1971, mnakwenda kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, nalo likishindwa kuwapatanisha linatoa hati. Hati hiyo, pamoja na talaka iliyotolewa kidini, inapelekwa mahakamani, hata Mahakama ya Mwanzo, ndipo itoke amri ya kuvunja ndoa. Mume wangu alipita baraza la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, akaenda mahakamani, kisha akasajili talaka RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mtalaka wake alifika barazani bila ugomvi, na namshukuru kwa moyo wote. Wanaume, wapeni wake mnaowaacha haki zao na msiwatukane. Kuna siku mtawahitaji waje kusema kweli mbele ya watu.

Wengine husema mwanamume Mwislamu ana ruhusa ya wake wanne, kwa hiyo hayo ya karatasi za talaka hayamhusu. Yanamhusu. Mtu ambaye makazi yake ya kudumu ni Uingereza akifunga ndoa ya mitala popote duniani, huko inahesabiwa batili.

Hukumu za Mahakama ya Mwanzo ziko kwa Kiswahili, kwa hiyo zitafsiriwe, na mfasiri aweke jina, saini, tarehe, mawasiliano na uthibitisho kwamba tafsiri ni sahihi.

Sasa pesa. Tangu 11 Aprili 2024 mdhamini anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kama mume wa kwanza ulimleta kwa kile kiwango cha zamani cha 18,600, kwa mume mpya unaanza na hiki kipya, na mshahara anaoupata yeye Tanga hauhesabiwi. Kuna ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, inayolipwa mapema, mbali na ada ya maombi. Kuna kipimo cha kifua kikuu na mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1, yaani ile ya mwanzo kabisa. Picha za harusi, tiketi za safari na kumbukumbu za simu wekeni tangu mwanzo, msingoje kuombwa.

Na jihadharini na mawakala wanaoahidi kwamba "wana mtu ndani". Uingereza ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuwa wakili au mshauri aliyesajiliwa. Kabla hujatoa hata shilingi, mwombe mtu huyo namba yake ya usajili, uihakiki mwenyewe. Akianza kukasirika, funga mkoba wako uondoke.