Kompyuta Mpakato Inayozimika Ghafla

SWALI: Kompyuta yangu mpakato, ambayo nimeitumia kwa miaka 8, siku hizi inazimika ghafla baada ya dakika 20 hivi za kazi, na nikiiwasha papo hapo huzimika upesi zaidi. Feni inavuma muda wote. Fundi aliyeitazama kwa dakika chache alisema ubao mkuu umekufa, akanishauri ninunue nyingine. Je, hakuna la kufanya?

JIBU: Lipo, ndugu msomaji. Ubao mkuu uliokufa kwa kawaida hausubiri dakika 20, bali mashine haiwaki kabisa. Yako inazimika ikishapata moto, na isipopewa muda wa kupoa inazimika mapema zaidi. Hiyo ni tabia ya prosesa, yaani chipu kuu inayoendesha kazi zote za kompyuta, inayojikinga isiungue, kwani prosesa nyingi hupunguza kasi joto linapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na likizidi hapo mashine hujizima yenyewe.

Kabla ya kushika bisibisi, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, kidogo kidogo, ukiiacha mashine ipoe kila mara. Kisha izime, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini na utenganishe betri. Ukiikuta betri imevimba, usiibonyeze wala kuitoboa, na usiirudishe tena.

Wengi hufuta mapanga ya feni wakadhani wamemaliza. Vumbi lenye madhara hujificha nyuma yake, kwenye mlango wa mapezi membamba ya chuma yanayotoa joto nje, na kwa miaka mingi hushikamana likawa kama kipande cha blanketi, hata feni ivume namna gani hewa haipiti. Ling'oe lote, na unapopuliza uishike feni kwa kidole isizunguke ovyo. Baada ya miaka 8, grisi ya kupitishia joto iliyo juu ya prosesa nayo huenda imekauka na kupasuka. Fungua bamba la chuma lililoilalia, ifute kwa kitambaa laini chenye spiriti, utie tone dogo la grisi mpya, kisha urudishe bamba na ukaze skrubu zake kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizoandikwa kando yake.

Ikiendelea kuzimika hata ikiwa baridi, jaribu kadi za kumbukumbu za ndani (RAM) moja moja, kisha chaja nyingine ya volti zilezile. Ni baada ya hapo tu ndipo ningekubali ubao mkuu upimwe, tena kwa mita, si kwa macho.