Kabla hujanunua seti ya hesabu ya mtoto, nisikilize mwenzio

Mwaka wa tatu huu nawafundisha wanangu nyumbani hapa Houston, Texas, dada mtu ana miaka 7, mdogo wake ana 5, na kitu ninachoulizwa kuliko vyote na wamama wenzangu wa Kiswahili ni hesabu. Kusoma watu hawaogopi, ila hesabu mtu anaona kabisa hawezi maana yeye mwenyewe alichapwa sana kwenye tebo. Texas haikupangii mtaala, ilimradi hesabu iwemo kwenye unavyofundisha, sasa uhuru huo ndo unaotumaliza mfukoni, kila kampuni inakwambia seti yake ndo dawa.

Mi nilianza vibaya. Nilinunua boksi kubwa la dola 180, ndani kuna vidubu vya rangi, saa ya plastiki, hela za bandia, sijui mizani. Watoto wakafurahi wiki nzima, hesabu hamna. Kila kitu mle ni cha kuhesabu moja moja, yaani umwambie nane jumlisha tano anapanga vidubu mstari alafu anaanza moja, mbili, tatu mpaka mwisho, akipotea njiani anarudi mwanzo. Kushika anashika kweli, lakini ndo vizibo vya soda vile vile tulivyobeba darasa la kwanza, tena sisi tulikuwa na vijiti na mwalimu alitufundisha kuvifunga kumi kumi kwa rababendi, kwa hiyo tulikuwa mbele ya boksi la dola 180!

Kwa hiyo saivi kitu cha kwanza naangalia: je, hivi vifaa vinamwonesha mtoto tano na kumi bila yeye kuhesabu? RightStart, mtaala mmoja wa hesabu wa kununua, wana abakasi ya shanga 100, mistari kumi ya shanga kumi kumi, na kila mstari rangi inabadilika kwenye tano, kwa hiyo saba mtoto anaiona ni tano na mbili, haihesabu. Vijiti vya Cuisenaire, vilivyobuniwa na mwalimu mmoja wa Ubelgiji, vinaanza sentimita 1 mpaka 10, kila urefu na rangi yake, na havina alama yoyote, mtoto inabidi apime kimoja kwa kingine. Math-U-See, mtaala mwingine, wao vipande vyao vina mikato unaweza kuhesabu, na kuna video ya kukufundisha, kama wewe mzazi ndo mwoga anzia hapo. Shanga za Montessori, ule mfumo wa mtoto kujifunza kwa kushika vitu, nazipenda sana, moja, fimbo ya kumi, bamba la mia, mchemraba wa elfu, ila bei yake ni kilio.

Sasa hili hakuna seti iliyonifundisha. Binti yangu alikuwa anaandika 14 kama 41, kila siku, nikadhani ana shida ya macho. Kumbe Kiingereza ukitaja 14 unaanza na nne ndo kumi inakuja nyuma, mtoto anaandika anavyosikia. Siku moja nimechoka nikamwambia kwa Kiswahili, niwekee kumi na nne. Akachukua kijiti cha kumi, akachukua cha nne, akanitazama kama vile nimemuuliza swali la kijinga. Jamani! Lugha yetu imeshafanya kazi yote, kumi na moja ni kumi, na moja. RightStart wanahangaika kuwatungia watoto wa Kiingereza majina ya namna hiyo, sisi tumezaliwa nayo. Inakwama kwenye ishirini, thelathini, arobaini, haya ya Kiarabu hayasemi ndani kuna nini, kwa hiyo mi nilimwacha aseme makumi mawili na tatu kama miezi miwili hivi ndo nikaleta ishirini. Bibi yake Morogoro alicheka kwenye simu mpaka akakohoa alipoambiwa mama ana miaka makumi matatu na nne.

Mengine ya haraka. Usinunue kwa umri, kampuni nyingi zina jaribio la bure la kujua mtoto aanzie wapi, wa kwangu alirudi nyuma levo nzima na wala hakufa. Soma kurasa kadhaa za kitabu cha mwalimu kabla hujalipa, maana kama somo moja linataka uandae vitu dakika 20 na wewe una mtoto mgongoni na sufuria jikoni, hilo somo halitafundishwa, tusidanganyane. Siku mbili tatu za mwanzo waache wajengee nyumba, usipowaacha watajenga katikati ya somo. Alafu usivifanye vijiti kuwa mkongojo, wa mtaala wa hesabu wa Singapore wanaenda kushika, kuchora, ndo namba, na hapo kwenye kuchora wengi tunaparuka. Mi nikiona binti anachora mstari wake mwenyewe bila kugusa vijiti najua imeingia.

Na kama unanunua iliyotumika, na mi nakushauri ununue iliyotumika, muombe muuzaji apige picha vipande vyote vimepangwa kwa rangi. Seti yangu ya vijiti ilikuja haina cha saba hata kimoja, mpaka leo mdogo mtu akitaka saba anaunganisha tano na mbili, na nimeona nisimnunulie.