Maswali na Majibu: BOINC Inapomaliza Memori

Barua nyingi safari hii zinailaumu BOINC, ile programu ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inayotumia nguvu za ziada za kompyuta zetu kwa utafiti wa kisayansi. Wengi mnaoilaumu hamjafungua mipangilio hata siku moja.

SWALI: Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nikiwasha BOINC, baada ya saa kadhaa kila kitu kinaganda. Ina virusi? (Msomaji, Maweni, Malindi)

JIBU: Haina, ndugu yangu, na swali hili la virusi sasa lipumzike. BOINC yenyewe hula memori kidogo sana. Zinazokula ni kazi zinazotumwa na miradi ya utafiti uliyojiunga nayo, na kila kazi huchukua memori yake peke yake. Prosesa ikiwa na viini vinne (core), kazi nne huenda kwa pamoja. Kazi moja tu ya Rosetta@home, mradi wa kuchunguza protini, yaweza kupita GB 1. Piga hesabu, na bado hujaihesabu Windows wala kivinjari.

Vikomo vinavyokuja na programu ni asilimia 50 ya memori ukiwa unatumia kompyuta, na 90 ukiwa umeiacha. Wewe weka 25 na 60, na viini visizidi viwili. Kisha kuna kisanduku kinachoruhusu kazi zilizosimamishwa zibaki kwenye memori: toa tiki. BOINC hupokezanisha miradi kila dakika 60. Ukiwa umejiunga na miradi mitano na tiki ipo, kazi iliyosimama haitoki, na nyingine inaingia juu yake, mpaka kompyuta inaanza kuhamishia mzigo kwenye diski. Ndiyo maana inaganda baada ya saa kadhaa, si mara moja. Ukitoa tiki, kazi itaanzia pale ilipojihifadhi mara ya mwisho. Hasara yake ni ndogo.

SWALI: Nimepunguza memori kwenye tovuti ya mradi, hakuna kilichobadilika.

JIBU: Uliwahi kuweka mipangilio ndani ya kompyuta yenyewe, na hiyo ndiyo inayotawala. Ibadilishe hapo hapo.

SWALI: Kazi zangu zinasema zinasubiri memori. Nifanyeje?

JIBU: Ziache. Kikomo ulichoweka kinafanya kazi yake.

SWALI: SETI@home, mradi wa kutafuta viumbe wenye akili nje ya dunia, hainipi kazi kabisa.

JIBU: Iliacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020. Someni ukurasa wa mradi kabla ya kuniandikia, tafadhali! Einstein@Home, mradi wa elimu ya anga, ipo, jiunge huko.

SWALI: Kazi moja inaonyesha GB 6, na kompyuta yangu nzima ina GB 8. (Dada wa Mkomani, Lamu)

JIBU: Dada, ichague kazi hiyo ufungue sifa zake. Utakuta tarakimu mbili: memori pepe (iliyotengewa kazi hata kama haitumiki yote), ambayo huwa kubwa na isikutishe, na memori halisi inayotumika sasa. Hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia. Ikipanda saa baada ya saa bila kushuka, futa kazi hiyo moja na uwaarifu wenye mradi. Usiing'oe programu nzima. Lakini kama ni kazi ya LHC@home ya CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, inayopitia VirtualBox, pale kuna kompyuta kamili inayoendeshwa ndani ya yako. Kwa GB 8, zizime kazi za aina hiyo kwenye mipangilio ya mradi.

SWALI: Nafanya kazi saiba moja Langoni. Usiku kompyuta zimelala tu. Nikiweka BOINC bila kumwambia bosi, nipunguze memori kiasi gani wateja wasijue?

JIBU: Usiweke, mwanangu. Kujitolea ni kutoa kilicho chako. Tokeni za stima analipa yeye, na feni zake ndizo zitakazozunguka usiku kucha katika joto la kaskazi na hewa ya chumvi. Masharti ya BOINC yenyewe yanasema iwekwe kwenye kompyuta ulizoruhusiwa tu, na mtu akifumaniwa ameificha kwenye mashine za mwajiri, watafiti nao huchafuliwa jina bure. Mwombe waziwazi. Mwonyeshe vikomo vya memori na vya prosesa, uanze na kompyuta moja, na bili ya mwezi aione mwenyewe. Akikataa, tumia simu yako ya Android: kwa mipangilio yake ya mwanzo, BOINC hufanya kazi simu ikiwa kwenye chaji na betri imefika asilimia 90.